Kufokafoka na Kujitegemea: Maisha ya Kazi ya Lady Jaydee kwa Jicho la Isimu

1.0 Utangulizi

Shaaban Robert alipoandika Wasifu wa Siti binti Saad, kitabu kilichotolewa mwaka 1958, alifungua njia ambayo waandishi wa Kiswahili hawajaipita sana tangu hapo: kuyaeleza maisha ya mwanamke msanii kwa kuifuata kazi yake. Siti, mzaliwa wa Fumba katika kisiwa cha Unguja, alirekodiwa Bombay kuanzia mwaka 1928, na sauti yake ikasambaa Afrika Mashariki yote. Sauti ilikuwa yake. Santuri ilikuwa ya kampuni. Tofauti hii baina ya mwenye sauti na mwenye chombo kinachoibeba ndiyo inayochunguzwa katika makala hii, ila kwa kumtazama msanii wa zama nyingine kabisa.

Msanii huyo ni Judith Wambura Mbibo, ajulikanaye kwa jina la Lady Jaydee, aliyezaliwa Shinyanga mwaka 1979. Wengi humfahamu kama mwimbaji. Inasahauliwa kwamba katika miaka ya 1990 aliingia katika sanaa kama mfokaji, yaani msanii wa muziki ambao magazeti ya wakati ule yaliuita 'muziki wa kufokafoka'. Inasahauliwa pia kwamba alikuwa miongoni mwa wanawake wachache wa kizazi chake waliothubutu kuendesha kazi yao wenyewe: bendi yao, ukumbi wao na maneno yao.

Swali la makala ni la kiisimu kabla ya kuwa la kihistoria. Husemwa kwamba msanii wa namna hii 'anajitegemea'. Neno hilo lina uzito wake katika Kiswahili cha Tanzania. Azimio la Arusha la mwaka 1967 lililifunga pamoja na ujamaa, na katika mwaka huohuo likaingia katika falsafa ya elimu ya taifa. Kisarufi, kiambishi -ji- humfanya mtenda awe ndiye mtendwa: anayetegemea na anayetegemewa ni mtu mmoja. Sasa tutazame vitenzi ambavyo lugha ya muziki wa Tanzania huvitumia kumweleza msanii wa kawaida: amerekodiwa, amesainiwa, anasimamiwa, ametolewa na fulani. Vyote vimo katika kauli ya kutendwa. Na kwa mwanamke kauli hii ni ya zamani zaidi kuliko muziki, kwani Kiswahili, lugha isiyobagua jinsi katika viambishi vyake vya nafsi, hubagua waziwazi katika ndoa: mwanamume huoa, mwanamke huolewa. Safari ya kutoka katika -w- kwenda katika -ji- ndiyo inayostahili kuelezwa hapa, na gharama yake pia.

2.0 Jina 'kufokafoka' na matatizo yake

Kitenzi foka kina maana mbili zinazojulikana: chungu kinapochemka na maji yakafurika, na mtu anapotoa maneno kwa hasira bila kujizuia. Uradidi wa kitenzi katika Kiswahili huonyesha tendo la kurudiarudia, na mara nyingi huongeza dharau kidogo, kama katika semasema au zungukazunguka. Kwa hiyo jina kufokafoka halikuwa jina la heshima. Lilitungwa na wasikilizaji waliosikia kelele mahali ambapo vijana walisikia utungo. Vijana wenyewe hawakulipenda. Wao walisema 'kuchana', na waliita walichokitunga 'mistari'. Wanazuoni wengi wameona afadhali kughani, neno kongwe linalotumika kwa tenzi. Pendekezo hilo lina mantiki, ijapokuwa linaficha jambo moja. Anayeghani utenzi mara nyingi hughani maneno ya mtunzi mwingine, ilhali mfokaji hutarajiwa awe mtunzi wa kila neno atakalolitoa kinywani. Atakayebainika kuandikiwa mistari huvunjiwa heshima.

Kwa mwanamke jina hili lilikuwa na ubaya wa ziada. Baba anayefoka nyumbani huitwa mkali. Mama anayefoka huambiwa hana adabu. Msichana aliyepanda jukwaani mwaka 1996 au 1997 kufokafoka mbele ya umati alikuwa amekwisha kuhukumiwa na kitenzi chenyewe kabla hajafungua kinywa.

Kuna pia suala la sauti, na hapa inafaa kukaa kidogo. Silabi za Kiswahili kwa kawaida huishia na irabu, na mkazo huangukia silabi ya pili kutoka mwisho. Katika ushairi wa jadi kina hupatikana kwa kulinganisha silabi ya mwisho: kazi na ndizi zina kina kimoja, zi. Katika kufokafoka hesabu hii haitoshi. Pigo la ngoma hutafuta mkazo, na mkazo uko kwenye silabi iliyotangulia. Kwa hiyo sikio hudai irabu ya mkazo, a, pamoja na zi. Kazi na ngazi hupatana; kazi na ndizi hazipatani hata kidogo. Mfokaji wa Kiswahili, ambaye mara nyingi hushutumiwa kwamba hajui kanuni za ushairi, hufuata kanuni ya vina iliyo ngumu kuliko ile ya shairi la mizani kumi na sita.

Mwimbaji ana uhuru ambao mfokaji hana. Anaweza kuivuta silabi ya mwisho kwa muda mrefu, na uvutaji huo ukaufunika mkazo. Aidha, neno moja la Kiswahili laweza kubeba sentensi nzima: hawatanisikiliza lina silabi nane na mkazo mmoja tu. Mfokaji lazima alipitishe neno hilo lote kwa kasi bila kumeza silabi, huku pigo likimngoja kwenye li. Mwimbaji aweza kuligawa katika pumzi mbili. Aliyejifunza kwanza nidhamu ya kufokafoka, kisha akahamia katika uimbaji, huingia na sikio lililonolewa kwa mkazo. Katika nyimbo za Lady Jaydee hali hii yaonekana wazi: silabi zake hazipotei, maneno husikika hata pale ala zinapopanda, na mstari huishia pale sentensi inapoishia.

3.0 Shinyanga, Runzewe na masikio ya wasikilizaji

Mwaka 1979 Mkoa wa Shinyanga ulikuwa mpana kuliko ulivyo sasa. Runzewe, mji mdogo wa biashara kwenye barabara itokayo Kahama kupitia Ushirombo kuelekea Nyakanazi na mipaka ya Rwanda na Burundi, ulikuwa ndani ya Wilaya ya Kahama ya mkoa huo. Baadaye ukawa katika Wilaya ya Bukombe, na mwaka 2012 wilaya hiyo ikahamishiwa katika mkoa mpya wa Geita. Ni nchi ya madini. Almasi ya Mwadui ilijulikana tangu mwaka 1940. Mgodi mkubwa wa dhahabu wa Geita ulianza uzalishaji mwaka 2000 na ule wa Bulyanhulu mwaka 2001. Na wachimbaji wadogo walikuwapo kabla ya migodi hiyo na bado wapo. Wasumbwa, Wasukuma, Wazinza, Waha, Wahaya na wengine hukutana kwenye machimbo na magulio, na lugha inayowaunganisha ni Kiswahili.

Isidhaniwe kwamba makala inataka kumchimbua Lady Jaydee kutoka katika ngoma za Usukumani. Hakuna sababu ya kufanya hivyo. Kazi yake ilikomaa Dar es Salaam, kwa Kiswahili cha mjini na kwa midundo iliyotoka Marekani. Linaloweza kusemwa kwa haki ni kuhusu wasikilizaji wa ukanda alikozaliwa. Wasukuma wana mapokeo marefu ya mashindano ya ngoma, na makundi mawili mashuhuri, Bagika na Bagalu, yameshindana kwa vizazi. Katika mashindano hayo manju, ambaye Wasukuma humwita ningi, hutunga wimbo wa kujisifu na kumjibu mpinzani, na umati huamua kwa miguu yake: ukihama kutoka kwake kwenda kwa mwenziwe, ameshindwa. Manju waliopata jina kubwa walikuwa wanaume kwa sehemu kubwa. Wanawake waliimba sana, kwenye kilimo na kwenye harusi, lakini nafasi ya kusimama katikati na kusema 'mimi' haikuwa yao mara nyingi. Masikio ya aina hii hayakuona ugeni wowote katika muziki wa kujisifu na kujibizana ulipofika kwa redio. Ugeni ulikuwa katika sauti ya mwanamke anayeusema.

4.0 Maisha ya kazi

Muziki wa kufokafoka kwa Kiswahili ulipata sura mwanzoni mwa miaka ya 1990. Saleh Jabir alitia maneno ya Kiswahili katika mdundo wa Kimarekani mwaka 1991. Kwanza Unit iliundwa mwaka 1993. Na mwaka 1995 Joseph Mbilinyi, aliyejiita Mr. II, alitoa albamu aliyoipa jina la Ni Mimi. Jina hilo lafaa kutazamwa. Kitenzi kishirikishi na kiwakilishi cha nafsi ya kwanza, basi. Ndiyo sarufi yote ya kufokafoka kwa maneno mawili.

Nafsi hiyo ya kwanza, ni-, haina jinsi. Msomaji wa maandishi tu hawezi kujua kama anayesema ni mwanamume au mwanamke. Kwa kuwa wanaume walikuwa wengi, ni- ya muziki huu ilichukuliwa kuwa ya kiume hadi ithibitishwe vinginevyo, na uthibitisho ulibebwa na jina. Ndiyo maana wanawake walioingia katika fani hii walijipa vyeo vya kike: Lady Jaydee, Sista P. Kile ambacho sarufi haikukitia alama, jina lilikitia. Jambo la kuzingatia ni kwamba vyeo hivyo ni vya kuazima. Hakuna aliyejiita Bibi wala Binti katika jina la jukwaani, labda kwa sababu Binti katika Kiswahili hudai jina la baba lifuate, kama lilivyofuata kwa Siti binti Saad.

Lady Jaydee alifanya kazi ya utangazaji katika redio ya Clouds FM, na kwa hiyo aliijua redio kutoka ndani kabla ya kuitegemea kutoka nje. Mwaka 2000 ndio anaouhesabu kuwa mwanzo wa kazi yake kama mwimbaji. Alikuwa ameacha kufokafoka na kuchukua mtindo wa R&B, na hutajwa mara nyingi kuwa mwanamke wa kwanza Tanzania kuuimba mtindo huo kwa Kiswahili. Albamu yake ya kwanza ilikuwa Machozi. Zikafuata Binti mwaka 2003, Moto mwaka 2005 na Shukrani mwaka 2007. Binti, lile neno ambalo halikuwamo katika jina lake, likawa jina la albamu, na likasimama peke yake, bila baba.

Je, kuhama huko kulikuwa kujisalimisha? Wapo wanaosema mwanamke aliachiwa kiitikio na mwanamume akabaki na ubeti, na kwa muziki wa miaka ile kauli hiyo ina ukweli mwingi: katika nyimbo nyingi mwanamume husimulia na sauti ya kike hurembesha. Kwa Lady Jaydee hali ni tofauti. Alichukua ala za mwimbaji na kubaki na nafsi ya mfokaji. Nyimbo zake huanza na mtu anayesema, humwelekea mtu anayesemwa, na humtaka ajibu. Wimbo wa Wanaume Kama Mabinti ni mfano mzuri, kwani ni dhihaka ya wazi kwa wanaume wanaoishi kwa kutunzwa na wanawake. Jina lenyewe huigeuza ile kauli ya ndoa iliyotajwa hapo juu: wanaume wamekuwa watendwa. Hii ni shabaha ya mfokaji, hata kama imefikiwa kwa kuimba.

Jina jingine lastahili kuchanganuliwa, Usiusemee Moyo. Muundo wake ni u-si-u-sem-e-e. Kuna u mbili, na kila moja ina kazi yake. Ya kwanza ni ya nafsi ya pili, wewe. Ya pili ni kiambishi cha mtendwa kinachopatana na moyo. Kiambishi -e- cha kauli ya kutendea hueleza kusema kwa niaba. Neno moja limebeba amri, ukanushi, anayeamriwa na anayesemewa. Aliyewahi kusomesha mofolojia ya kitenzi darasani atauona utajiri wake mara moja. Lakini hoja iliyomo ndani ya neno inapita mofolojia: ni nani mwenye haki ya kusema kwa niaba ya mwingine? Swali hilo limeiandama kazi yake yote.

Liliandama zaidi kuanzia mwaka 2013. Wakati huo alikuwa na bendi yake, Machozi Band, iliyopiga muziki wa moja kwa moja, na mgahawa wake wa Nyumbani Lounge jijini Dar es Salaam. Mambo haya mawili hayakuwa mapambo. Katika enzi ya kanda, msanii wa Tanzania kwa kawaida aliuza kazi yake kwa msambazaji wa Kariakoo kwa malipo ya mara moja, na hakuwa na njia ya kujua ziliuzwa nakala ngapi. Kipato cha kweli kilikuwa katika maonyesho, na maonyesho yalihitaji redio iyatangaze. Mwenye bendi na ukumbi hupunguza utegemezi wa pili, hawezi kuuondoa. Mwaka huo mgogoro baina yake na uongozi wa Clouds Media ulitoka hadharani na kufikishwa mahakamani, na shauri lenyewe lilihusu maneno, yaani madai ya kashfa. Hapa isimu na sheria hukutana. Katika mashindano ya ngoma, au katika ubeti wa kufokafoka, kumtaja mpinzani kwa jina ni kanuni ya mchezo. Nje ya jukwaa maneno yaleyale hupimwa kwa mizani nyingine.

Mwaka huohuo alitoa albamu ya Nothing But the Truth, akatoa wimbo wa Joto Hasira pamoja na Profesa Jay, mmoja wa wafokaji wakubwa wa Tanzania, na akaadhimisha miaka 13 ya kazi katika mgahawa wake mwenyewe. Mwanamke aliyeacha kufokafoka alikuwa amerudi kusimama kando ya mfokaji katika wakati wa ugomvi. Pengine haikukusudiwa kuwa ishara, inasomeka hivyo.

Baada ya ndoa yake kuvunjika, mwaka 2016 alitoa Ndi Ndi Ndi. Ndi ni tanakali ya sauti inayoeleza kitu kilichofungwa au kushikwa barabara, kama mtu anaposema mzigo umefungwa ndi! Tanakali ni aina ya neno isiyonyambulika. Haipokei -w- ya kutendwa wala -ji- ya kujirejea. Albamu za Woman mwaka 2017 na 20 mwaka 2021 zilifuata, ya pili ikihesabu miongo miwili ya kazi.

5.0 Waliofuata

Wanawake waliobaki katika kufokafoka kwenyewe walipita njia nyembamba zaidi. Zay B na Sista P walijulikana mwanzoni mwa miaka ya 2000. Witness Mwaijaga alipatikana mwaka 2004 kwa shindano la Coca-Cola Pop Stars, lililomweka katika kundi la Wakilisha pamoja na Langa Kileo na Sarah Kaisi. Kundi liliundwa na kampuni, na halikudumu.

Mfano wa karibu zaidi ni Rosa Ree. Alijulikana mwaka 2016 kwa wimbo wa One Time akiwa chini ya lebo ya The Industry, kisha akaondoka na kuendesha kazi yake mwenyewe. Mwezi Januari 2020 Baraza la Sanaa la Taifa, lililoundwa kwa Sheria Na. 23 ya mwaka 1984, lilimfungia kwa miezi sita na kumtoza faini ya shilingi milioni mbili kwa sababu ya video ya wimbo wa Vitamin U, alioufanya na mfokaji wa Kenya, Timmy Tdat. Kosa lililotajwa lilikuwa la picha. Mistari yake, ambayo ndiyo iliyompa jina, haikuwa hoja. Msanii aliyekuwa na lebo angeshiriki hasara hiyo na lebo. Anayejitegemea huibeba peke yake, na nusu mwaka bila maonyesho ni muda mrefu kwa mtu ambaye kipato chake chote ni maonyesho. Hapa kiambishi -ji- kinaonyesha upande wake wa pili: anayejitegemea hana pengine pa kuegemea.

6.0 Haki ya maneno

Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki, Na. 7 ya mwaka 1999, humtambua mtunzi wa maneno kuwa mwenye haki ya kiuchumi na haki ya kimaadili, na Chama cha Hakimiliki, COSOTA, kilianzishwa chini ya sheria hiyo. Neno hakishiriki, lililosanifiwa ili kutaja haki za waimbaji, wapigaji na watayarishaji, halijapata mizizi katika matumizi ya kila siku. Muulize msanii kijana maana yake, na mara nyingi atajibu kwamba ni haki ya kushirikishwa katika wimbo wa mwingine. Kosa hilo ni la kimantiki kabisa, kwani katika lugha ya muziki 'kushirikishwa' ndiko kuitwa kutia sauti katika kazi ya mtu. Istilahi ya kisheria imegongana na neno la mtaani, na aliyepoteza ni yule ambaye haki yake imo ndani ya istilahi.

Kugongana huko si jambo dogo katika mahali kama Runzewe. Pale, kama katika vituo vingine vya barabara hiyo, muziki hupatikana pia katika vibanda vinavyoingiza nyimbo kwenye simu na kwenye kadi za kumbukumbu: mteja hulipa, nyimbo kadhaa huhamishwa kutoka kwenye kompyuta, na dereva wa lori huondoka nazo kuelekea Rusumo au Kabanga. Mwenye kibanda hajioni mwizi. Anauza kazi ya kuhamisha. Kitenzi anachokitumia ni 'kurusha' au 'kuingiza', na hakuna mahali katika vitenzi hivyo ambapo mtunzi anatajwa, si kama mtenda wala kama mtendwa. Msichana wa mji huo anayetunga mistari yake leo aweza kurekodi kwa gharama ndogo kuliko ile ya mwaka 1999 na kuipeleka mbali kwa simu yake mwenyewe bila kumwomba msambazaji yeyote. Kabla ya kuituma, anahitaji mtu wa kumfafanulia, kwa Kiswahili anachokitumia, sheria inasema nini juu ya maneno yaliyotoka kinywani mwake. Kazi ya kusanifu istilahi hizo upya iko mikononi mwa idara za Kiswahili, na bado haijafanywa.